Ramani ya Minnesota ya 1855: ninunue au niache?

Swali: "Mimi natoka Tanga, sasa naishi Minneapolis na familia yangu. Katika duka la vitu vya kale nimeona ramani ya Minnesota. Chini imeandikwa 1855, pamoja na jina la J. H. Colton wa New York. Minnesota yenyewe ni kubwa ajabu, imekwenda magharibi hadi Mto Missouri. Muuzaji anataka dola 180. Je, ni ya kweli? Na nikitaka kuanza kukusanya ramani za Marekani za karne ya 19, nianzie wapi bila kufilisika?"

Jibu: Dada yangu, ukubwa huo haukukosewa. Kuanzia Machi 1849 hadi Mei 1858 Minnesota ilikuwa eneo, yaani nchi inayosimamiwa kutoka Washington kabla ya kupewa hadhi ya jimbo, na upande wa magharibi mpaka wake ulifuata Mto Missouri na Mto White Earth. Sehemu kubwa ya mashariki ya majimbo ya leo ya Dakota Kaskazini na Dakota Kusini ilikuwa ndani yake. Tarehe 11 Mei 1858 Minnesota ikawa jimbo na kupunguzwa hadi umbo unaloliona kwenye vibao vya barabarani huko kwenu. Ardhi iliyobaki magharibi ikakaa bila serikali iliyotambuliwa rasmi mpaka 1861, lilipoundwa Eneo la Dakota. Kwa hiyo mchoro unasema jambo linalolingana na wakati wake, na hiyo ni dalili njema.

Lakini usiishie kwenye ile 1855. Maneno madogo yaliyo chini ya ramani za Marekani za wakati ule yanaeleza kwamba kazi imeandikishwa kwa mujibu wa sheria ya Bunge mwaka fulani. Huo ni mwaka wa hakimiliki. Mchapishaji aliandikisha mara moja, akaendelea kuchapa miaka kadhaa bila kugusa maneno hayo, huku akibadilisha mipaka, reli, kaunti na rangi. Ndiyo maana kuna ramani za Mitchell wa Philadelphia zenye mwaka 1860 pembeni lakini ndani zina mambo yaliyotokea baadaye kabisa. Anayenunua kwa kutazama tarehe peke yake atalipia mwaka ambao ramani yake haina.

Saa ya kuaminika ni mchoro wenyewe. Kwenye ramani yako anza na mahali unapoishi. Mwaka 1855 mji uliojulikana pale penye maporomoko ya Mississippi ulikuwa St. Anthony, upande wa mashariki wa mto. Minneapolis, upande wa magharibi, ilikuwa changa. Jina lenyewe lilianza kutumika 1852, na miji hiyo miwili haikuunganishwa mpaka 1872. Ukikuta Minneapolis imeandikwa kwa herufi za mji mkubwa na St. Anthony haipo, basi hiyo si ramani ya 1855 hata pambizo lingeapa. Kisha angalia kaunti. Eneo lilianza na kaunti tisa mwaka 1849, zikawa zinakatwakatwa karibu kila baraza la kutunga sheria lilipokutana, na Hennepin, ambayo ndiyo yenu, iliundwa 1852. Kaunti chache kubwa zenye mipaka mirefu iliyonyooka kuelekea magharibi ni dalili ya mwanzo. Utitiri wa kaunti ndogondogo ni dalili ya baadaye.

Halafu linganisha. Mkusanyo wa David Rumsey, ulioko Chuo Kikuu cha Stanford, umeweka mtandaoni picha za ramani nyingi mno kwa ukubwa unaokuwezesha kusoma hata jina la kijito, na atlasi za Colton, mchapishaji wa ramani yako, zimo. Maktaba ya Bunge la Marekani nayo ina hazina yake, bure. Fungua jani la Minnesota humo, uweke picha uliyopiga dukani kando yake, utazame herufi moja moja: anwani ya kampuni, ambayo wakati huo ilikuwa 172 William Street, urembo wa pembeni, tahajia ya majina. Hiyo ni kazi ya jioni moja na inafundisha kuliko maelezo yangu yote.

Sasa uhalisi. Kwa ramani ya bei hii mtu mwenye ujuzi wa kughushi hahangaiki, faida haimtoshi. Hatari iliyo karibu zaidi ni nakala iliyochapwa karne ya 20 kwa ajili ya mapambo, kisha ikapita mikono mitatu hadi kufika kwa muuzaji ambaye mwenyewe hajui alicho nacho. Nenda na kioo cha kukuzia, cha mara kumi kinatosha. Tazama mstari wa mto na sehemu yenye rangi. Uchapaji wa kisasa wa picha hujenga rangi kwa vitone vidogo vilivyopangwa kwa safu, na hata mstari mweusi huonekana umemeguka kuwa vitone. Ukiviona, rudisha mahali pake, uage kwa adabu. Ramani ya Colton ina mistari iliyoshikamana, na rangi iliyopakwa kwa brashi na vibarua, jani baada ya jani. Rangi hiyo huvuka mpaka kidogo hapa, hupungukiwa pale, hukolea pale brashi iliposimama. Ule uzembe mdogo ndio saini yao.

Usiwe na wasiwasi ukikosa alama ya bamba, yaani ule mbonyeo wa mstatili unaozunguka mchoro. Watu husoma mahali kwamba ramani ya zamani lazima iwe nayo. Hilo ni kweli kwa zilizochapwa moja kwa moja kutoka kwenye bamba la shaba. Kufikia miaka ya 1850 wachapishaji wengi, Colton akiwemo, walikuwa wakihamisha mchoro kutoka bamba la chuma kwenda kwenye jiwe la litografia na kuchapia hapo, kwa kuwa jiwe lilihimili maelfu ya nakala kwa gharama ndogo. Jiwe haliachi mbonyeo.

Karatasi nayo ina ushahidi wake. Ya miaka hiyo ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani. Ni laini, ina nguvu, na mara nyingi ina afya kuliko gazeti la mwaka juzi. Kama una ile taa ndogo ya kukagulia noti bandia, iwashe juu ya pambizo mahali penye giza. Karatasi nyingi zilizotengenezwa baada ya miaka ya 1950 zina dawa ya kung'arisha, hivyo huwaka kwa mwanga wa samawati. Ya kale hubaki imefifia. Geuza pia nyuma: majani mengi ya Colton yana maandishi ya atlasi upande wa pili, na mtengenezaji wa mapambo hana haja ya kuyachapa.

Kuhusu dola 180: si zawadi, wala hujaibiwa. Ni bei ya dukani ya kawaida kwa ramani ya aina hiyo, mradi iwe nzima. Nzima maana yake pambizo zote nne zipo, hakuna mpasuko unaoingia ndani ya mchoro, wala selotepu. Madoa machache ya kahawia hayaogopeshi. Selotepu inaogopesha, kwani gundi yake huzama kwenye karatasi na kuacha alama ya manjano ambayo hata fundi wa kuhifadhi karatasi huitoa kwa shida, na ada yake itazidi bei uliyolipa. Iangalie pia rangi ya kijani. Baadhi ya rangi za kijani za wakati ule zilikuwa na shaba, na huugeuza mpaka kuwa kahawia na kuila karatasi mpaka inakatika kama kuki. Ipinde kidogo tu, taratibu sana, kwenye mwanga. Ukiona nyufa kando ya mstari wa kijani, omba apunguze au iache.

Kama iko kwenye fremu, muombe muuzaji aifungue. Akikataa, bei yako iwe ya mtu asiyejua anachonunua. Fremu huficha pambizo lililokatwa, na huficha mstari wa kahawia unaoachwa na kadi yenye asidi.

Hayo ni ya fundi. Mimi ningeinunua kwa sababu nyingine, nayo iko katikati ya jani. Mwaka 1851, kwenye mikataba ya Traverse des Sioux na Mendota, Wadakota, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa nchi hiyo, waliiachia serikali ya Marekani karibu ekari milioni 24, nyingi zikiwa kusini mwa Minnesota ya leo, na kubakiwa na ukanda mwembamba kandokando ya Mto Minnesota. Ramani za katikati ya miaka ya 1850 zimechorwa katikati ya tukio hilo. Juu yake utakuta majina ya Wadakota na Waojibwe yamesambaa upande wa magharibi kwa herufi pana, na upande wa mashariki gridi ya miraba ya wapima ardhi inasogea, kila mraba mdogo ukiwa tayari kuuzwa. Mwaka 1862 malipo ya mikataba yalichelewa, njaa ikaingia, vita vikazuka. Tarehe 26 Desemba mwaka huo Wadakota 38 walinyongwa kwa pamoja mjini Mankato, na mwaka uliofuata wengi wa waliobaki wakafukuzwa jimboni. Tafuta ramani ya Minnesota ya miaka ya 1870 uiweke kando ya hii ya kwako. Yale majina mapana yamepungua au yamekwisha, na mahali pake pamepita reli.

Jozi hiyo, ramani mbili za mahali pamoja zilizopishana miaka 20, ndiyo jibu langu kwa swali lako la pili. Anayeanza hupenda kununua kila kilicho kizuri, na baada ya muda ana rundo la karatasi nzuri zisizojuana. Chagua mahali pamoja na ufuate mabadiliko yake. Wewe una Minnesota chini ya miguu yako: eneo la 1849 hadi 1858, jimbo jipya, kuingia kwa reli, kisha ramani za kaunti. Majani manne au matano yaliyochaguliwa hivyo yatakuwa na maana kuliko ishirini za mikoa mchanganyiko, na hutalazimika kuyanunua kwa mwaka mmoja.

Utakapofika kwenye reli, usiamini kila mstari. Treni ya kwanza Minnesota ilikwenda kati ya St. Paul na St. Anthony mwaka 1862, lakini ramani za kabla ya hapo tayari zina reli zinazokatiza mbuga. Zilikuwa mipango, na pengine ndoto za wauza viwanja. Miji pia. Karibu na Hastings, kwenye ukingo wa Mississippi, palitangazwa mwaka 1856 mji wa Nininger, ukachorewa ramani ya mitaa na kunadiwa hadi pwani ya mashariki. Mwaka uliofuata msukosuko wa fedha ukaingia, na mji ukafa kabla haujakua. Ramani inayoonyesha kitu ambacho hakikuwahi kuwapo mara nyingi huvutia kuliko iliyo sahihi, na wauzaji wasiojua jambo hilo hawaiongezei bei.

Ikiwa utavutiwa na ramani za nchi nzima badala ya jimbo moja, saa ni ileile, akrabu zake tu ni kubwa zaidi. Texas ikiwa imepakwa rangi yake kama nchi inayojitegemea, uko kati ya 1836 na 1845. California ikiwa bado ya Mexico, ni kabla ya 1848. Mpaka wa kusini ukiufuata Mto Gila, ununuzi wa Gadsden, yaani ukanda ambao Marekani iliununua kutoka Mexico, haujaingia kwenye bamba, kwa hiyo ni kabla ya 1854 au mchapishaji ni mvivu. Kansas ikienda hadi kwenye Milima ya Rocky ni kati ya 1854 na 1861. Virginia isiyogawanyika ni kabla ya Juni 1863. Dakota moja tu ni kati ya 1861 na 1889. Na ukikutana na Idaho kubwa mno, iliyomeza Montana na karibu Wyoming yote, tulia, usionyeshe furaha mbele ya muuzaji: umbo hilo lilidumu kuanzia Machi 1863 hadi Mei 1864 tu.

Majina ya kampuni husaidia pia. Atlasi ya familia ya Johnson ilichapwa kwa jina la Johnson na Browning mpaka 1862, kisha Johnson na Ward mpaka 1866, kisha Johnson mwenyewe. Mitchell aliuza haki za atlasi yake kubwa kwa Thomas, Cowperthwait na wenzake, nao wakafuatiwa na Charles DeSilver mwaka 1856. Atlasi ya Johnson iliuzwa na mawakala waliopita nyumba kwa nyumba, na wakala hawezi kumwambia mkulima anunue atlasi isiyo na eneo jipya lililotajwa gazetini. Ndiyo sababu mipaka ilisahihishwa haraka kiasi kile. Mara nyingine hawakugusa bamba kabisa. Walibadilisha rangi tu, ukapata jimbo jipya lililopakwa juu ya kaunti za zamani.

Zipo ramani ambazo inakupasa kuzijua hata kama hutazinunua. Ya John Melish, Mskoti wa Philadelphia, ya 1816, iliionyesha Marekani ikitoka bahari hadi bahari wakati ambapo upande wa Pasifiki haukuwa wake kwa mkataba wowote ulio wazi. Toleo lake la 1818 likatumiwa kuweka mpaka na Hispania kwenye mkataba wa 1819. Ya John Disturnell wa New York, ya 1847, iliambatanishwa na mkataba uliomaliza vita na Mexico mwaka 1848. Iliiweka El Paso kaskazini na mashariki mno. Wapimaji walipofika jangwani mstari wa mkataba haukukubaliana na ardhi, na ugomvi huo ni mojawapo ya mambo yaliyopelekea Marekani kulipa dola milioni 10 kununua ukanda wa karibu kilomita za mraba 77,000, ule wa Gadsden. Hizo ni za majumba ya makumbusho na matajiri. Ile ya 1861 ya Idara ya Upimaji wa Pwani inayoonyesha kwa kivuli asilimia ya watumwa katika kila kaunti ya Kusini, ambayo Rais Lincoln alikuwa akiitazama mara kwa mara, ipakue kutoka Maktaba ya Bunge uichape kwa karatasi nzuri. Kuisoma hakuhitaji kuimiliki.

Upande wa pili kuna za bei rahisi ambazo wakusanyaji wengi huzipuuza. Mwaka 1872 Rand McNally wa Chicago walianza kutumia uchongaji wa nta, ambapo herufi hugandamizwa kwenye nta kama muhuri na bamba la kuchapia hutengenezwa kutokana nayo. Mistari ni mikavu, mandhari hayana haiba ya Colton, na karatasi ya mbao huvunjika ukiigusa vibaya. Lakini ndizo zinazotaja kila kituo cha treni, hata kilichokuwa na ghala moja na kisima. Kwa anayefuatilia jimbo moja ni mali, na nyingi utazipata kwa makumi machache ya dola.

Jambo moja lisilo na mzaha ni asili ya ramani. Mwaka 2005 muuzaji mashuhuri, Forbes Smiley, alikamatwa katika maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, na baadaye akakiri kuiba ramani 97 kutoka maktaba mbalimbali. Baadhi zilikuwa zimeshauzwa kwa watu waliolipa kwa nia njema na ikabidi zirudishwe. Muulize muuzaji aliipata wapi. Tazama kama kuna muhuri wa maktaba uliofutwa au kona iliyokatwa bila sababu. Pia ukingo mmoja ukiwa mpya na mweupe kuliko mitatu mingine, huenda jani limekatwa juzi kutoka kwenye atlasi nzima. Si kosa la jinai kukata atlasi yako, ila mimi sinunui kwa anayefanya hivyo. Atlasi zilizoachana zenyewe kwa uzee zinatosha.

Kwa kuwa umetaja Tanga, nikuongezee hili, ingawa hukuliuliza. Atlasi zilezile za Philadelphia na New York zina jani la Afrika. Marekani ilikuwa na mkataba wa biashara na Sultani Seyyid Said tangu 1833 na konseli wake Zanzibar tangu 1837. Meli za Salem zilileta merikani na kuondoka na pembe na sandarusi. Hata hivyo jani la Afrika la miaka hiyo lina majina mengi pwani, likiandika Zanguebar, na bara limeachwa jeupe. Baada ya 1856, wamisionari wa Rabai walipochapisha ramani yenye ziwa moja kubwa mno lililosimuliwa na watu wa misafara, weupe huo ulianza kujaa. Nalo si ghali.

Ukiinunua, iweke kwenye folda isiyo na asidi, ilale bapa, mbali na kipasha joto, maana hewa ya ndani wakati wa baridi huko kwenu hukausha karatasi kupita kiasi. Unyevu wa karibu asilimia 50 ndio mzuri. Ukitaka kuitundika, tumia kioo kinachozuia mionzi ya urujuanimno, ukuta usiopigwa na jua, na ishikizwe kwa bawaba za karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga inayoyeyuka kwa maji, kamwe isibandikwe. Dai risiti yenye jina la ramani, mchapishaji, mwaka unaokadiriwa na maneno kwamba ni ya asili, si nakala. Mwambie dola 150 taslimu; maduka ya vitu vya kale huwa yameacha nafasi hiyo kwenye bei. Akigoma, na pambizo zote zikiwa nzima, mpe hizo 180.